Meya Anaposamehe, Anasamehe kwa Niaba ya Nani?

Wiki kadhaa zilizopita nilimaliza kusoma Forty Years of It, kumbukumbu za maisha za Brand Whitlock zilizochapwa mwaka 1914. Whitlock alikuwa mwandishi wa riwaya, lakini alikuwa pia meya wa Toledo, jiji la wastani katika jimbo la Ohio, Marekani. Nilikifungua kitabu nikimtafuta mwandishi. Humo ndani nikakutana na mtu mwingine, Samuel Jones, meya aliyekuwa rafiki na mwalimu wake, na pamoja naye nikakuta swali ambalo mpaka leo linanisumbua. Mtu mwenye madaraka anaposamehe, anasamehe kwa niaba ya nani?

Kwanza tuujue mji wenyewe. Toledo iko kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Erie, pale mto Maumee unapoingia ziwani. Mwaka 1900 ilikuwa na watu 131,822. Mwaka 2020 walizidi kidogo 270,000. Ni jiji la viwanda, vioo kwanza, magari ya Jeep baadaye. Wasomaji wa Tanga huenda mnalijua jina hilo, maana Toledo na Tanga ni majiji dada. Ukiichukua orodha ya mameya wake tangu karne ya 19, utapita majina mengi ambayo nadhani hata wenyeji wameshayasahau. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita meya hakuwa hata na nguvu ya maana, kwa sababu jiji liliendeshwa na mkurugenzi aliyeajiriwa na baraza la madiwani. Ila ndani ya orodha hiyo kuna kipande kimoja, tangu 1897 hadi 1913, ambacho kilikuwa kama jaribio la maabara. Mtu alichukua kanuni ya maadili ambayo kila mtu anadai kuikubali, akajaribu kuendeshea serikali ya mji.

Samuel Jones alizaliwa Wales mwaka 1846, akaletwa Marekani akiwa mtoto wa miaka mitatu. Shule hakuipata sana. Alifanya kazi za mikono tangu utotoni, akaenda kwenye visima vya mafuta vya Pennsylvania, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akawa mtu wa mali. Alibuni aina bora ya vyuma vya pampu za visima vya mafuta, na mwaka 1894 akafungua kiwanda chake Toledo. Hiyo ilikuwa miaka ya njaa. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka mwaka uliotangulia, na wanaume walipanga foleni mlangoni kwake wakiomba kibarua chochote kwa ujira wowote.

Viwanda vya wakati huo vilijaa matangazo ya makatazo: usichelewe, usiongee, ukivunja utalipa. Jones hakutundika hata moja. Alitundika ukutani Kanuni ya Dhahabu, ile ya Injili inayotutaka tuwatendee wengine kama tunavyopenda tutendewe. Mpaka hapo si ajabu. Nani hajawahi kuona maneno mazuri kwenye ukuta wa ofisi ambamo watu wananyanyaswa? Ajabu ni kwamba mzee huyu aliyachukua yale maneno kama agizo la kazi. Akapunguza siku ya kazi hadi saa nane, akatoa likizo yenye malipo, akawapa wafanyakazi nyongeza wakati wa Krismasi, na pembeni ya kiwanda akafanya bustani ya kupumzikia. Watu wakambandika jina, Jones wa Kanuni ya Dhahabu. Wengine walilitamka kwa mapenzi, wengine kwa dhihaka.

Mwaka 1897 chama cha Republican kilimsimamisha kugombea umeya, kwa sababu makundi ndani ya chama yalishindwa kukubaliana juu ya mtu mwingine. Akashinda kwa kura chache. Wakubwa wa chama walidhani wamepata tajiri mpole wa kumtuma. Miaka miwili baadaye walikuwa wamemchoka, wakamnyima tiketi. Akasimama peke yake bila chama, akapata karibu asilimia 70 ya kura. Akachaguliwa tena 1901, tena 1903, na akafa akiwa madarakani Julai 1904.

Alifanya mengi ambayo meya yeyote mzuri angefanya: viwanja vya watoto kuchezea, shule za awali, siku ya kazi ya saa nane kwa wafanyakazi wa mji. Hayo nayapita haraka. Kinachonigusa ni polisi na mahakama. Jones aliwanyang'anya polisi virungu vyao, akawapa fimbo nyepesi za kutembelea. Akapiga marufuku ile tabia ya kumweka mtu ndani kwa kumshuku tu, bila shtaka. Halafu kulikuwa na sheria moja ya Ohio: hakimu wa mahakama ya polisi asipokuwepo, meya hukaa kwenye kiti chake. Basi asubuhi kama hizo Jones aliingia mwenyewe mahakamani, akawatazama walioletwa usiku, yaani walevi, wazururaji, makahaba, wezi wadogo wadogo, akaongea nao, kisha karibu wote akawaachia waende zao.

Whitlock anasimulia kisa cha mzururaji mmoja aliyekamatwa na bastola. Jones aliishika ile silaha, akaitazama kwa kuchukia, akatoa hukumu. Bastola ivunjwevunjwe kwa nyundo. Mwenye bastola akaenda zake.

Mtu akisikia hivi hucheka kwanza. Mimi nilicheka. Halafu nikamkumbuka Kant.

Katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, Immanuel Kant aliitupa Kanuni ya Dhahabu ndani ya tanbihi, kwa sentensi chache tu. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba kanuni hiyo haiwezi kuwa sheria ya wote, kwa sababu mhalifu angeitumia kumjibu hakimu. Hebu fikiria. Mwizi anasimama kizimbani anasema, mheshimiwa, wewe ungekuwa mahali pangu ungependa kufungwa? Hapana? Basi niachie. Kwa Kant hilo lilitosha kuonyesha kwamba kanuni ina kasoro, maana hakuna hakimu mwenye akili zake ambaye angekubali hoja ya namna hiyo.

Miaka zaidi ya 100 baadaye hakimu huyo akapatikana, Toledo, Ohio. Mhalifu hakuhitaji hata kufungua mdomo. Jones alijiuliza swali hilo mwenyewe, akajijibu kwamba angezaliwa alikozaliwa yule, akalala njaa kama yule, naye angesimama palepale kizimbani. Mfano ambao mwanafalsafa aliutunga ili kuonyesha upuuzi ukawa kazi ya asubuhi ya serikali ya mji.

Nani yuko sahihi? Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa Kant, na sababu yangu haikutoka vitabuni. Mimi ni mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mwaka fulani mwenzetu mmoja alichelewesha marejesho miezi minne, mume wake alikuwa amelazwa. Mkutanoni karibu kila mtu akasema asamehewe faini, na mimi nikawa tayari nimeshika kalamu nifute. Mama mmoja, muuza maandazi, akaniuliza taratibu tu: "Mwanangu, hiyo faini unayoisamehe ni ya nani?" Kimya. Faini ile ilikuwa igawanywe mwisho wa mwaka, na sehemu yake ilikuwa ya huyo mama. Sisi tulikuwa tunaonekana wema kwa hela yake.

Hiyo ndiyo shida ya Kanuni ya Dhahabu ikiwa mkononi mwa mtawala. Kati ya watu wawili inafanya kazi vizuri: mimi na wewe, leo umenikosea, kesho nitakukosea, tusameheane. Lakini hakimu si mmoja wa wawili. Kuna mtu wa tatu hapo, aliyeibiwa kuku, aliyevunjiwa dirisha. Jones alijiweka mahali pa mwizi. Kwa nini hakujiweka mahali pa mwenye kuku? Naye si jirani? Ukitaka kuitumia kanuni kwa haki, lazima uzunguke viti vyote vya chumba kile, ukae kwenye kila kimoja. Ukikaa kwenye kiti kimoja tu hicho ni kipenzi chako, hata kama kiti chenyewe ni cha maskini.

Pingamizi hili ni zito, na mahasimu wa Jones walilitumia kwa nguvu zote. Magazeti ya Toledo yalimpinga. Wachungaji walimpinga, wale wale waliohubiri Kanuni ya Dhahabu kila Jumapili. Mwaka 1899 mhubiri mashuhuri kutoka Georgia, naye akiitwa Sam Jones vilevile, alikuja Toledo kuhubiri, akamshambulia meya kwa ulegevu. Mwaka 1902 bunge la Ohio likajaribu kumnyang'anya mamlaka juu ya polisi na kuyakabidhi kwa bodi iliyoteuliwa na gavana. Jones alikataa kuitambua bodi hiyo, Whitlock akasimama kama wakili wake, na Mahakama ya Juu ya Ohio ikaitengua sheria hiyo.

Lakini nilivyoendelea kusoma, mambo mawili yalianza kunivuta kutoka upande wa Kant.

La kwanza ni kuangalia nani hasa walikuwa wanaletwa kwenye mahakama ile. Mimi nilikuwa nimemfikiria mwizi wa kuku, kwa sababu Kant alinifanya nimfikirie mhalifu. Ila mahakama ya polisi ya mji wa Marekani wakati ule ilijaa watu ambao kosa lao halikuwa na mwenye kuku. Uzururaji. Ulevi. Kulala mahali pasiporuhusiwa. Kukosa maelezo ya kutosha kuhusu unatoka wapi na unaenda wapi. Ukitafuta yule mtu wa tatu aliyedhulumiwa, mara nyingi humwoni. Kiti chake ni kitupu. Kilichokuwa kinaadhibiwa ni kutokuwa na nyumba wala hela ya kulipia faini, maana mwenye hela alilipa akaondoka, na asiyekuwa nayo akaenda kufanya kazi ngumu. Kosa ni moja, adhabu ni mbili, na tofauti yake ni mfuko.

La pili ndilo zito zaidi. Wakati polisi wakiwakusanya wazururaji, mjini kulikuwa na jambo jingine linaendelea. Kampuni ya tramu ilitaka kurefushiwa kibali cha kutumia barabara za mji kwa miaka mingi mbele, kwa masharti yaliyoifaa yenyewe. Barabara ni mali ya wote. Nauli inatoka kwa kila mfanyakazi, asubuhi na jioni. Jones alipinga, akatumia kura yake ya turufu. Wale waliotaka mali ya umma kwa bei ya kutupa hawakuwahi kulala rumande hata usiku mmoja. Walipokelewa ofisini, wakapewa viti, wakasikilizwa kwa adabu, wakadhaniwa wema mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yaani walitendewa kama kila mtu anavyopenda kutendewa.

Hapo nikaelewa. Kanuni ya Dhahabu ilikuwa inatumika Toledo kabla ya Jones kuzaliwa. Ilitumika kwa wenye nacho. Mwenye nacho akikosea, hakimu hujiweka mahali pake bila kuambiwa, kwa sababu anamfahamu. Wanakaa mtaa mmoja, watoto wao wanasoma pamoja. Asiye nacho akikosea, ghafla tunakumbuka kwamba sheria ni msumeno. Wahenga walilisema hili kwa ukali kuliko Injili na kuliko Kant: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alichofanya Jones ni kumwondoa yule mzururaji kwenye fungu la nguruwe.

Kwa hiyo ile hoja ya tanbihi naisoma tofauti siku hizi. Kant aliogopa kwamba mhalifu atamwambia hakimu, jiweke mahali pangu. Ukweli ni kwamba wahalifu wengine wamekuwa wakiambiwa ndiyo siku zote, kimyakimya, kabla hata ya kuuliza.

Lakini bado mama muuza maandazi ananitazama. Sawa, meya amegundua kwamba huruma iligawanywa kwa upendeleo. Je, hiyo inampa ruhusa ya kugawa ya watu wengine? Hapa kuna kisa kimoja cha Whitlock ambacho kwangu ndicho kiini cha kitabu chote. Wachungaji kadhaa walimwendea Jones wakamtaka awafukuze makahaba mjini. Jones akauliza, waende wapi? Huko watakakofukuziwa nako si kuna watu? Halafu akawapa pendekezo. Yeye na mke wake wako tayari kuwachukua wawili nyumbani kwao, hata wale wanaohesabiwa wabaya kuliko wote, wakae mpaka wapate makazi na njia nyingine ya kuishi. Kila mchungaji naye achukue mmoja. Kisha waende makanisani wakawaombe waumini wafanye vivyo hivyo. Wachungaji wakaondoka, na hakuna aliyechukua mtu.

Kwenye kikundi chetu tulimaliza karibu hivyohivyo, ingawa sikuwa nimemsikia Jones. Tulikubaliana kwamba anayetaka mwenzetu asamehewe faini aweke mchango wake mezani. Wengi wakatoa, wachache wakatoka nje kupokea simu. Faini ikalipwa yote, na mama wa maandazi akapata sehemu yake.

Nadhani jibu la swali langu liko humo. Mtawala ana haki ya kusamehe pale anapoingia mwenyewe ndani ya gharama ya msamaha. Akisamehe halafu gharama yote ikamwangukia mtu mwingine asiyeulizwa, hiyo ni sadaka ya mfuko wa jirani. Jones aliujua mtihani huu na hakuukwepa. Alikuwa tajiri aliyeanza kwa kujipunguzia faida kiwandani mwake kabla ya kumwambia mtu yeyote mjini ajipunguzie chochote. Ndiyo maana maneno yake yalikuwa na uzito ambao ya wachungaji hayakuwa nao. Angekuwa meya anayeachia wezi na huku kiwandani anawalipa watu senti, ningekuwa wa kwanza kumcheka.

Na Whitlock je? Alikuwa mtu wa vitabu kuliko Jones, mwenye mashaka zaidi, asiyependa umati. Mwaka 1893, kijana akifanya kazi ya ukarani serikalini Illinois, ndiye aliyeandaa kwa siri hati za msamaha ambazo gavana Altgeld alizitia saini kuwaachia huru wafungwa watatu waliobaki wa kesi ya Haymarket, wakati wenzao wanne walishanyongwa. Alichaguliwa meya wa Toledo mwaka 1905, akashinda vipindi vinne, akakataa cha tano. Mwaka 1907, akiwa ofisini, alichapisha riwaya ya The Turn of the Balance, inayoonyesha jinsi mashine ya sheria inavyomsaga maskini mpaka kwenye adhabu ya kifo. Meya anayeandika riwaya dhidi ya mahakama za nchi yake mwenyewe. Sijui wangapi wa namna hiyo mnawafahamu.

Baadaye alipelekwa Ubelgiji kuwa balozi, vita vikamkuta Brussels. Oktoba 1915 Wajerumani walimhukumu kifo Edith Cavell, muuguzi Mwingereza aliyewasaidia askari kutoroka. Whitlock alikuwa mgonjwa kitandani. Aliandika barua ya kumwombea, maafisa wake wakaipeleka usiku, wakabembeleza. Walikataliwa, na alfajiri Cavell akapigwa risasi.

Sitaki kukisoma kisa hiki kama ushahidi kwamba Kanuni ya Dhahabu imeshindwa. Kinanikumbusha tu kwamba kanuni hii haina polisi wake. Haiwezi kumlazimisha mtu ajiweke mahali pa mwingine. Inaweza kuombwa tu, au kutangulizwa kwa mfano, na anayeombwa akikataa basi amekataa. Jones alikuwa na bahati ya kuwa yeye mwenye kiti, na mji wake ukamchagua mara nne akikalie.

Alipokufa, maelfu ya watu walijipanga kumwaga, na Whitlock anaeleza kwamba waliomlilia hasa walikuwa wale wasio na chao. Anaeleza pia jambo moja dogo ambalo kwangu linatosha kuwa hukumu ya utawala wake wote. Habari za kifo chake zilipotoka, bei ya hisa za kampuni ya tramu ilipanda.